Aliyewachora Watu Wakila

Hoteli yangu ya Munuki, hapa Juba, ilikuwa na pazia, na naanza na pazia kwa sababu bila hilo hutaelewa aibu iliyompata Adhel. Halikuwa pazia la kujivunia. Kilikuwa kipande cha turubai la msaada, maandishi yake yameshafutwa na jua, nimekitundika kwa waya ili kugawa kibanda: mbele benchi za watu wote, nyuma benchi moja kando ya jiko langu. Nyuma ndiko walikokaa wanaume wa Kidinka walioshika mila, wale ambao hawawezi kutia tonge mdomoni huku msichana wa watu anapita na kuwatazama. Vijana wengi wa mjini walikuwa wameshaacha mambo hayo, wanatafuna chapati juu ya bodaboda. Lakini mwenye kuposa hakuthubutu. Dada za msichana wakimwona akila ni aibu, na mama mkwe akimwona ni zaidi ya aibu. Sisi Waacholi nasi tunamheshimu mkwe, ila njaa tunaipa nafasi yake. Sikubishana na mtu. Mteja akitaka pazia, unaweka pazia.

Biar alikuwa mteja wa nyuma. Alikuwa fundi wa kuchomelea, anatengeneza milango na mageti upande wa Nyakuron, kazi aliyojifunza kambini Kakuma. Kila mchana alipita moja kwa moja, akainama chini ya waya, akakaa akiipa barabara mgongo. Alikuwa anamposa Nyabol, binti wa mtaa wa Mangateen, na mambo yalikuwa yamefika pazuri: ng'ombe wamezungumzwa, wazee wamekohoa vya kutosha, imebaki tu wanawake wa upande wa msichana waje waone nyumba. Nilimpenda Biar. Alikula kama mtu aliyetoka kazini, na hakuna kinachomfurahisha mpishi kuliko hicho.

Adhel alikuwa binti wa baba mdogo wa Biar, kwa hiyo kwa watu wao ni dada yake, hakuna cha binamu. Waliishi ua mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa mwanamke wa nyumba, maana mama yake Biar alifia porini wakati wa vita na mama yake Adhel alibaki Nakuru. Huko Nakuru ndiko Adhel alikokulia na kusomea. Alirudi Juba baada ya amani kusainiwa, akiwa na Kiswahili cha kukata na shoka na Kidinka cha mtoto mdogo. Mchana alifanya kazi kwenye duka la fotokopi, jirani na kibanda changu. Lakini ukimuuliza yeye, kazi yake ilikuwa kile kitabu.

Kilikuwa kitabu cha michoro, karatasi nene, jalada jeusi, na kila kilichokwisha alinunua kingine kwa watu wanaotoka Nairobi. Kamera Juba siku zile ilikuwa balaa. Ukiitoa barabarani, askari anataka kibali, na kibali chenyewe hakijulikani nani anakitoa. Penseli haikuwa na kibali. Siku moja askari alimnyang'anya kitabu akakipekua amekunja uso, akajikuta mwenyewe ukurasani, amelala kwenye kiti cha plastiki, bunduki magotini, ndala miguuni. Tukajua leo Adhel analala ndani. Yule askari akatazama weee, halafu akasema, "Nichoree buti." Akachorewa buti, akaenda zake anacheka.

Basi ndivyo alivyozoea kwamba kila mtu hatimaye anacheka. Alikuwa amemchora mbuzi akila bango la uchaguzi, kaanza na pua ya mheshimiwa. Alikuwa amechora malori ya watu wanaorudi kutoka Khartoum, vitanda juu, bibi juu ya vitanda. Alichora foleni ya kujiandikisha kwa kura ya maoni, mzee akishika kidole chake chenye wino kana kwamba kimevunjika. Hakumwomba mtu ruhusa hata siku moja. Na kurasa nyingi kuliko zote zilikuwa za watu wakila, kwangu hapo.

"Mtu akijua unamchora anakuwa mbao, Achan," aliniambia. "Lakini akila anajisahau. Hapo ndiyo unamwona vile ako."

"Utakuja kupigwa wewe."

"Si macho hayana pazia?"

"Macho hayana, lakini hoteli yangu inalo."

Alicheka. Angeachaje kucheka, wakati yeye alikuwa anakaa upande wangu, jikoni, nyuma ya pazia? Alikuja kila mchana kunisaidia kumenya vitunguu na kupiga soga. Na Biar akija, hakujificha kwake. Dada anaweza kumwona kaka yake akila, hakuna mila iliyokataza hilo. Kwa hiyo alikula mbele yake kwa raha zake zote.

Ndipo Adhel akamchora. Ilikuwa siku ya mchuzi wa mifupa. Biar ameshika mfupa kwa mikono miwili, kichwa amekilaza upande, macho amefumba, mashavu yamebonyea kwa kuuvuta uboho, na mchuzi unateremka kwenye kiwiko. Picha ilikuwa nzuri, hilo siwezi kumnyima. Ungeitazama ungetaka kumwongezea huyo mtu asida, ule ugali wetu. Biar mwenyewe hakujua, alinawa akarudi kwenye mageti yake. Nami sikusema neno, na mtu asiniulize kwa nini. Mila za Wadinka si mimi Mwacholi wa kumfundisha Mdinka.

Wanawake wa Mangateen walikuja Jumamosi. Niliombwa nipike, nikafunga hoteli. Biar aliondoka mapema kama inavyotakiwa, mkwe hazubai uani wakati mama mkwe anakuja. Alikuwa amefagia mwenyewe, amepaka geti rangi ya buluu, amekopa viti kanisani. Mlangoni alimgeukia Adhel akamwambia, "Dada, leo nyumba ni wewe." Hakusema zaidi. Adhel aliitikia huku anajikagua gauni.

Walikuja wanne: mama yake Nyabol, jina lake Nyariek, mwembamba, amenyooka, hana haraka, pamoja na dada yake na shangazi wawili wa msichana. Walikaa chini ya rakuba, kile kivuli cha nyasi, tukawapa chai ya maziwa na mandazi. Salamu zikapita vizuri. Halafu yakaanza mazungumzo yenyewe, kwa Kidinka, na hapo Adhel akazama. Aliulizwa habari ya ukoo wa bibi yake, akajibu habari ya afya. Shangazi mmoja akasema jambo la utani, wote wakamwangalia, naye akatabasamu tu kama mgeni msibani. Kijiko kikalia kwenye kikombe. Nilimhurumia, maana nilijua anachofikiria: nyumba ni mimi, na nyumba haina la kusema.

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kitabu.

Na kwa muda, kitabu kilimwokoa. Mbuzi na bango waliwavunja mbavu. Mzee wa kidole walimjua, ni jirani yao, wakapiga makofi. Shangazi walisogeza viti, wakawa wanagombea kufunua kurasa, na Adhel katikati yao uso unang'aa, anaonyesha huku, anaonyesha kule. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaongea na watu wake bila kutafuta maneno. Hata Mama Nyabol alikuwa ameweka kikombe chini na kuinama atazame.

Shangazi akafunua ukurasa wa mfupa.

Adhel alicheka peke yake. "Huyo ni Biar," akasema, kama mtu anayewapa zawadi. "Biar wetu!"

Mama Nyabol alivuta nguo yake ya begani akafunika uso wote. Dada yake akasema neno moja fupi. Shangazi akafunga kitabu, akakiweka juu ya kiti polepole, akapangusa mikono kwenye gauni. Hakuna aliyefoka. Afadhali wangefoka. Walisimama mmoja mmoja, wakashukuru kwa chai ambayo ilikuwa bado vikombeni, wakamshika Mama Nyabol mkono kwa sababu alikuwa hajafunua macho, wakatoka kupitia geti la buluu.

"Nimefanya nini?" Adhel aliniuliza. "Achan, si ni picha tu?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa ukali, nakiri, maana nilikuwa nimepika tangu alfajiri na sufuria zilikuwa zimejaa. Nikamwambia kuwa Biar anatembea na njaa ili yule mama asimwone hata akimeza mate, na yeye amemkalisha mama huyo kwenye kiti akamwekea mkwewe magotini, na mfupa mdomoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake la wageni, akaweka viganja usoni. Kama ardhi ingepasuka, angeingia mwenyewe bila kusukumwa.

Biar alirudi jioni na habari ameshazikuta njiani. Mdomo wa Mangateen una mbio kuliko bodaboda. Alisimama getini, akamtazama dada yake, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Adhel, wewe umenivua nguo." Akaingia chumbani kwake.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomtesa. Wazee wa Mangateen walinyamaza, na kwa posa kimya ni jibu. Vijana wa kwenye kituo cha bodaboda wakampa Biar jina: Abu Adum, baba wa mfupa. Hata wateja wangu wa mbele waliinua mifupa na kuguna Biar akipita. Naye akaacha kuja nyuma ya pazia. Lakini hayo yote Adhel angeyavumilia. Asichoweza kukivumilia ni cha nyumbani. Alimpelekea kaka yake chakula, kama siku zote, naye Biar akasema, "Weka hapo, uende." Akasubiri. Adhel akaweka, akaenda. Hadi alipofunga mlango wake ndipo akasikia kijiko. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata vilevile. Amemfanya mtu wa nje.

"Mimi ndiye dada yake," alinililia jikoni. "Ananificha chakula kama msichana wa barabarani."

"Ulimwona akila ukaenda kuonyesha watu. Angekuficha nini kingine?"

Nilijuta kusema hivyo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kitabu alikuwa amekifunga kwa kamba na kukisukuma chini ya kitanda. Mbele ya duka la fotokopi mambo yalipita ambayo zamani yangemtoa mbio na penseli. Sasa aliyaacha yapite, akitazama vidole vya miguu yake.

Mwishowe akaniomba nimsindikize Mangateen. Alikuwa amekariri maneno ya kuomba radhi kwa Kidinka, mama mmoja wa kanisani kamfundisha, na njia nzima aliyatafuna midomoni. Alibeba sukari. Nikamwambia abebe na kitabu pia. Akaniangalia kama nimemwambia abebe nyoka. Nikamwambia, kama mama anataka kukichoma, akichome mwenyewe, roho yake itulie. Akakubali.

Mama Nyabol alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, kwenye kitanda cha kamba. Adhel alipiga magoti, akasema maneno yake, akayakosea. Akayarudia, akayakosea tena. Nyabol mwenyewe alichungulia mlangoni, macho yamevimba kwa kulia, akarudi ndani. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu ni nini hasa kilichovunjika. Alikuwepo msichana anayempenda mtu.

"Ongea Kiswahili," Mama Nyabol alisema. "Mimi nilikaa Kakuma. Hiyo Kidinka yako inanipiga masikio."

"Mama, nisamehe. Biar hana kosa. Kosa ni langu."

"Najua ni yako. Wewe iko na hiyo kitabu?"

"Niko nayo."

"Na kalamu?"

Adhel akaitikia. Yule mama akaita ndani, na Nyabol akaleta sahani: asida na samaki wa mchuzi. Mama akanawa. Akavuta sahani mapajani, akamtazama Adhel usoni.

"Sasa chora."

"Mama?"

"Mimi nakula. Wewe chora."

Akaanza kula. Nataka ieleweke ni mtu gani aliyekuwa anakula. Mwanamke wa heshima, mwenye umri wa kuwa mama yangu, aliyebakiwa na meno machache upande mmoja. Alikula mbele yetu bila kuficha lolote. Alilaza kichwa ili meno yashike, akanyonya mwiba, akatema, akalamba kiganja mpaka kwenye kifundo. Mchuzi ulimteremkia kidevuni, hakuupangusa.

"Siwezi, mama," Adhel alisema, machozi yanaanguka kwenye karatasi. "Tafadhali, siwezi."

"Mtoto wa wenyewe uliweza. Chora."

Akachora. Mkono uliozoea huwa hausahau, na ile picha ikatokea jinsi ilivyo, meno na mchuzi na yote. Mimi nilitazama jifya la jiko lao mpaka alipomaliza. Mama Nyabol alinawa, akapangusa kidevu, akasema, "Kata hiyo karatasi. Peleka kwa Biar. Mwambie mama ya Nyabol amesema aangalie. Mimi nimeona yeye, sasa yeye aone mimi. Halafu rudi hapa uniambie."

Tulipanda bodaboda hadi Nyakuron. Njiani Adhel alianza kupata tumaini. Nilimsikia nyuma yangu: watakuwa sawa, Achan, si ndiyo? Ameona, ataona, watalipana, yataisha. Nami nikaona ina maana. Wote wawili tulikuwa wajinga wa kiwango kimoja.

Biar alikuwa karakanani, ameinamia geti la mtu, miwani myeusi ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji. Adhel alisimama mbali kidogo, kama alivyozoeshwa siku hizo, akampa ujumbe neno kwa neno. Akainua karatasi.

Biar aliona ukingo wa karatasi tu. Akavuta ile miwani akaivaa, na moto wa kuchomelea haukuwepo. Kwa miwani ile mchana kweupe huoni hata mkono wako. Akasimama hapo, fundi mzima, kipofu, amegeukia ukuta.

"Funika, dada."

"Mama mwenyewe amesema uangalie. Ametutuma. Ukiangalia yataisha, Biar, utamuoa Nyabol."

"Nimesikia. Funika."

"Na kama watakataa kabisa?"

"Basi watakataa." Akaupapasa ukuta kwa kiganja. "Yule ni mama yangu. Siwezi."

Adhel alikunja ile karatasi, picha ndani. Alisimama akimtazama kaka yake aliyesimama gizani kwa hiari yake, na nikaona limemwingia: kumbe mtu anaweza kuamua asitazame. Mimi mwenyewe lilinichoma. Njiani kurudi, mwenye bodaboda alituuliza kama tunatoka msibani.

Mama Nyabol alikuwa palepale kwenye kitanda chake.

"Aliangalia?"

"Hapana, mama," Adhel alisema, kichwa chini. "Nilimwambia. Alikataa."

"Hata kidogo? Hata jicho moja?"

"Alivaa miwani ya kazi akageukia ukuta. Akasema wewe ni mama yake."

Yule mama alipiga paja kwa kiganja na kucheka, kicheko cha meno machache, na ndani ya nyumba nikasikia Nyabol anaangusha kitu.

"Huyo ndiyo mkwe yangu," alisema. "Mwambie wazee yake wakuje Jumamosi."

Adhel akalia tena, safari hii kwa shukrani, akamnyooshea ile karatasi kwa mikono miwili ili aichane au aitie motoni. Mama Nyabol hakuipokea. Aliisukuma kwa ncha ya kidole mpaka ikagusa kifua cha Adhel.

"Hapana, mwanangu, hiyo kaa nayo wewe. Hapa ni wewe tu napenda kuangalia watu wakikula."

Alisema kwa upole, bila chuki hata chembe, na ndiyo maana Adhel hakuwa na mahali pa kujificha. Njia ya kurudi Munuki ni fupi, tuliikata kwa miguu. Alikuwa ameibana karatasi kifuani, upande wa picha ndani, na tulipokaribia hoteli yangu aliniomba nitangulie, nitazame kama kuna mtu anakula, ndipo yeye aingie.